Basibasi Si Kungumanga

Kila nikiona kichupa cha unga wa kungumanga dukani, roho huniuma. Harufu ya kungumanga imo ndani ya mafuta yake, na mafuta hayo huanza kuruka mara tu kokwa inapokwaruzwa. Unga uliokaa rafuni miezi sita umebaki rangi na uchungu.

Haya nilifunzwa na jirani yetu wa Unguja, bibi wa Kigujarati tuliyekuwa tukimwita Ba. Siku ya shrikhand, kitamu cha mtindi, alimimina mtindi kwenye melimeli, akaufunga na kuutundika usiku kucha uchuruzike maji. Asubuhi ulikuwa mzito unaosimamisha kijiko. Akaukoroga na sukari, iliki na zafarani iliyoloweshwa kwenye maziwa ya vuguvugu. Kungumanga ilikuja mwisho kabisa: aliikwaruza mara nne tano juu ya bakuli, kisha kokwa ikarudi koponi. Kokwa moja ilimfaa miezi. Niliipenda kuitazama pale ilipolika, mishipa ya kahawia ikipita katikati ya weupe kama marumaru.

Basibasi, nduguye kungumanga, haikugusa bakuli lile. Javantri, kama alivyoiita Ba kwa lugha yao, ilikuwa ya nyama na wali.

Kwa kuwa zote mbili zatoka tunda moja, kokwa ndani na basibasi ule wavu mwekundu uliolikumbatia ganda lake, wapishi wengi husema ukikosa hii tia ile. Mimi sikubali. Kungumanga ina utamu mzito unaopatana na maziwa, samli na sukari guru. Ndiyo maana kule Maharashtra, India, huikwaruza kwenye dengu zilizopondwa na sukari guru, za kujazia puran poli, chapati zao tamu. Basibasi ni kavu zaidi, inanukia maua na pilipili manga kwa pamoja, na haiogopi mafuta ya moto wala kupikwa muda mrefu. Kababu za galouti za mji wa Lucknow, India, zile laini zinazoyeyuka mdomoni, ukiziondolea basibasi unabaki na nyama ya kusaga tu.

Kerala, inakolimwa kungumanga nyingi ya India, hata nyama ya tunda lenyewe, ile ya njano ya nje, haitupwi, hutiwa achari. Kwetu Unguja mti huu tunao pia, na natamani sana tuijaribu achari hiyo.

Kosa kubwa ni kuzidisha. Biriani yangu ya kwanza ya mbuzi, kilo mbili, niliitia nusu kokwa nzima iliyosagwa. Ilikuwa chungu kama dawa, na wageni walikula kwa adabu. Tena si suala la ladha peke yake: vijiko viwili vidogo vya unga wa kungumanga kwa mtu mmoja vinaweza kumletea kizunguzungu, moyo kwenda mbio na hata kuona mambo yasiyokuwapo. Ba alijua mpaka wake bila mizani.

Siku hizi kilo mbili za mbuzi nazitia vipande viwili vya basibasi, kila kimoja mfano wa ukucha wa kidole gumba, kwenye samli iliyopata moto, kabla ya vitunguu. Vikianza kuvimba na jiko likajaa harufu, namimina vitunguu. Kungumanga naiacha koponi, ingoje mtindi.