Saa za ziada zilipwe kwanza
Mwandishi wa makala kuhusu saa za kazi za kujipangia anasema mfanyakazi wa Uganda akiruhusiwa kujipangia saa za kuingia na kutoka kazini, foleni za Kampala zitapungua na kina mama watapata nafasi ya kulea. Kwa watu wa ofisini, sawa. Sisi walinzi je? Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na hata mkikubaliana kuongeza, zisizidi 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Lindo langu ni la saa kumi na mbili, jioni hadi asubuhi, na mwenzangu akikwama Jinja Road siwezi kuondoka: nabaki getini na bunduki mpaka afike, halafu daftari la zamu linaandikwa kana kwamba nilitoka kwa wakati. Sheria hiyohiyo inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kwenye mshahara wangu sijawahi kuiona. Kwetu anayebadilisha saa ni mwajiri, tena kwa kupiga simu usiku. Zihesabiwe kwanza hizi tunazofanya, ndipo tuzungumzie za kujipangia. Wenzangu wa maduka ya Kikuubo, eneo la biashara la Kampala, na wa mashamba ya maua, nyinyi za ziada mnalipwa?