Desemba Ilikuwa ya Baba

Wiki iliyopita shule anayosoma mwanangu ilitutumia wazazi ujumbe wa simu kutuarifu kwamba watoto wote wanaoingia darasa la saba watakaa kambini likizo yote ya Desemba, na kwamba wataruhusiwa kuja nyumbani kwa siku tatu tu, kuanzia mkesha wa Krismasi. Niliusoma nikiwa ndani ya daladala, nikaurudia, na kabla sijafika kwenye kiasi cha fedha kilichotajwa mwishoni nilikuwa nimekwisha kuiona miguu ya marehemu baba, mitupu, ikiwa ndani ya maji ya mfongo, mfereji wetu Wachagga wa kumwagilia mashamba, saa nne za usiku.

Baba alikuwa karani wa bohari Dar es Salaam. Kwa miezi kumi na moja tulimpata kwa mabaki: alitoka hatujaamka, akarudi tumekwisha kula, na Jumapili baada ya ibada alilala usingizi wa mtu aliyechoka kwa wiki nzima. Desemba ndiyo iliyokuwa yetu. Tulipanda treni ya Moshi na mabegi yetu na gunia la zawadi za ndugu, na asubuhi, milima ya Upare ikiwa upande wa kulia, baba alisimama nasi dirishani akitutajia kila stesheni kabla hatujaifikia. Safari hizo za treni zilikoma katika miaka ya 1990, na ziliporejea Desemba 2019 baba alikuwa na miaka miwili kaburini. Mpaka leo linaniuma kwamba hakuipanda tena.

Tulipofika kihambani, kwenye shamba letu la ukoo mlimani Kilimanjaro, alivua viatu akaviweka juu ya kabati, na hatukuviona tena mpaka siku ya kurudi, isipokuwa siku za kanisa. Hakuwa mtu wa kuhutubia watoto. Alitupa jembe, akaenda mbele, nasi tukafuata: tulipogoa migomba, tukakata majani ya ng'ombe, tukachuma buni zilizoiva tu na kuziacha za kijani mtini, tukajifunza kwa macho ndizi ipi ni ya mtori na ipi ni ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Lakini somo nililobaki nalo ni la maji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Zamu yetu ya mfongo ilianza saa mbili usiku, na iliyotangulia ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyeishi juu kidogo ya kwetu, peke yake, na mibuni michache na shamba dogo la maharage. Baba alikuwa ameitwa kwa jirani, akaniacha nisubiri na tochi. Ilipofika saa moja na nusu nilichoka kusubiri. Niliondoa matope na vipande vya mgomba vilivyozuia njia yetu, nikaziba ya bibi, na maji yakaja kwa kishindo ambacho kwangu kilikuwa kishindo cha ushindi.

Baba alirudi saa mbili kamili. Alimulika chini, akainama, akatia mkono udongoni kwenye mstari wa tatu wa mibuni, mahali ambapo maji ya dakika moja yasingeweza kuwa yamefika. Akaniuliza, "Maji haya ni ya nani?" Nikamjibu kwamba ni yetu. Akauliza tena kwa sauti ileile. Mara ya tatu sikuweza kujibu. Hakunipiga. Alifunga njia yetu, akafungua ya bibi, kisha akaingia mfongoni akasimama pale pale, maji yakimpita miguuni kwenda shamba la mtu mwingine, mpaka saa nne. Nilisimama kando yake nikitetemeka kwa baridi, wala hakuniambia niende kulala. Asubuhi alikata jani la isale, mmea ambao kwetu hupandwa mipakani na jani lake hupelekwa kuomba msamaha, akanipa, akasema, "Mpelekee bibi. Usiseme neno mpaka akuulize." Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, limekwisha," akanipa kikombe cha maziwa.

Niliiba nusu saa, na baba akalipa saa mbili. Nilikuja kuipiga hesabu hiyo nikiwa mtu mzima, siku moja iliposomwa kanisani habari ya Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne. Sikuwahi kumwuliza kama aliikusudia.

Sasa naambiwa kwamba mwezi huo, mwezi pekee ambao mtoto anaweza kumwona mzazi wake akifanya kazi, akikosea na akirekebisha, unatakiwa kwa ajili ya mitihani ya majaribio. Nakataa, na nakataa kwa moyo wangu wote. Wageni wa Ulaya waliopanda mlimani katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi tayari, na mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kijiji cha huko huko mlimani, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Urithi huo ulipita kutoka mkono hadi mkono, baba mbele na mtoto nyuma, na tukiwafungia watoto kambini kila Desemba hautakuwa na mkono wa kuupokea. Nakubali kwamba wapo wazazi wasio na wa kumwachia mtoto, wala mahali pa kumpeleka, na kwamba kwao kambi ni msaada. Hao waiombe. Wengine tusilazimishwe.

Wala simfanyi baba kuwa malaika. Dada zangu walishika jembe lile lile na kukesha zamu zile zile, lakini siku ya kugawa kihamba aliwaita wana wa kiume peke yetu, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa imekwisha kumpa mwanamke haki sawa na mwanamume. Yeye aliyerudisha maji ya bibi mara nne hakuliona hilo. Mimi na kaka yangu tumeanza kulirekebisha, na fungu la dada mkubwa limekwisha kupandwa masale mpakani.

Shuleni nimejibu kwamba mwanangu hatakuwepo kambini. Jembe la babu yake nimelitia mpini mpya. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha banio la kuingizia maji mfongoni ni Jumamosi, siku mbili baada ya sisi kufika, na mwenyekiti wa mfongo siku hizi ni mjukuu wa yule bibi. Juzi nilimpigia simu. Maji yamepungua, alisema, lakini zamu yetu bado ipo: Jumanne usiku, kuanzia saa mbili.