Kumbukumbu za Miamala na Sababu za Mteja: Uchambuzi wa Biashara Ukikutana na Intelijensia ya Biashara

Katika benki, kampuni za simu na vyama vya akiba na mikopo, vyeo viwili huchanganywa mara kwa mara: mchambuzi wa biashara na mtaalamu wa intelijensia ya biashara. Wapo wanaoshikilia kwamba hii ni kazi moja yenye majina mawili, kwa kuwa wote hushughulika na taarifa za shirika na wote huwaandikia wakuu ripoti. Wapo pia wanaozitenga kabisa, huyu akikaa na watumiaji na yule akikaa na hifadhidata. Naona pande zote mbili zimekosea, ingawa kosa la kwanza ndilo lenye gharama kubwa zaidi.

Intelijensia ya biashara, ambayo jina lake limewafanya wengine waidhanie kuwa upelelezi dhidi ya washindani, hukusanya kumbukumbu za yale yaliyokwisha kutendeka, kama vile mauzo, malipo na marejesho yaliyochelewa, kisha huzisafisha, huziweka katika ghala la data, yaani hifadhi moja ya pamoja, na kuzionyesha kwa ripoti na dashibodi, yaani skrini ya muhtasari wa namba na grafu. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alilitumia jina hilo tangu mwaka 1958, alipoeleza mfumo wa kukifikishia kila kitengo taarifa kinazozihitaji. Uchambuzi wa biashara huanzia kwingine. Huuliza tatizo ni lipi, linamsumbua nani, na ni badiliko gani litakaloliondoa; kazi yake huishia katika maelezo ya mahitaji ambayo wajenzi wa mfumo wanaweza kuyafuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni kuzaliwa kwa M-Pesa nchini Kenya. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zikishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kwa wateja wasiofika 500 wa katikati ya Nairobi, mtaa wa Mathare na mji wa Thika. Haja iliyochambuliwa mwanzoni ilikuwa moja: mkopaji aweze kupokea na kurejesha mkopo wake kwa simu. Lakini wateja waliutumia mfumo kwa mambo ambayo hayakuwa yamepangwa. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa walioko mbali. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwa wakala kwa sababu benki zilikuwa zimekwisha kufungwa. Wengine waliweka fedha sehemu moja, wakasafiri, wakazitoa sehemu nyingine saa chache baadaye.

Tuutazame muamala huo wa mwisho. Katika kumbukumbu, fedha iliyowekwa na kutolewa yote siku ileile inaweza kuonekana kama kosa la mteja, au hata dalili ya udanganyifu, na dashibodi iliyoandaliwa kupima marejesho ya mikopo isingekuwa na mahali pa kuuonyesha. Anayeweza kueleza maana yake ni msafiri mwenyewe: hakutaka kubeba fedha taslimu njiani. Hapa ndipo mchambuzi anapohitajika, kwa kuwa rekodi huonyesha tendo bila kutaja sababu yake. Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili. Mtu akiulizwa anahitaji nini, mara nyingi hujibu kwa kadiri ya vitu alivyokwisha kuviona, na ni vigumu kuamini kwamba mkopaji wa Mathare angeomba huduma ambayo haikuwapo bado. Matumizi yake halisi ndiyo yaliyofichua haja hiyo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, lengo lilikuwa limebadilika kutoka marejesho ya mikopo hadi kutuma pesa nyumbani.

Novemba 2012 mzigo mkubwa zaidi uliangukia upande wa data. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu iliyoanzishwa na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, ilitumia historia ya matumizi ya simu na ya M-Pesa kuamua nani akopeshwe na kwa kiwango gani, kwa mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5. Kazi hiyo isingewezekana kwa mahojiano, kwa sababu hakuna idadi ya maofisa wa mikopo ambao wangeweza kumhoji kila mwombaji wa kiasi kidogo namna hiyo. Lakini kuamua kwamba mwenendo wa simu unaweza kusimama mahali pa dhamana ni hukumu ya kibiashara. Vilevile, ndugu wanaoshiriki laini moja ya simu watasomwa na mfumo kana kwamba ni mtu mmoja, na kasoro hiyo haitajitokeza katika grafu yoyote mpaka mtu aende kuuliza.

Kwa hiyo shirika dogo lenye mshahara mmoja tu wa kutoa, ningelishauri lianze na mchambuzi, kwa sharti kwamba miamala yake inarekodiwa ipasavyo tangu siku ya kwanza, pamoja na tarehe, mahali na aina ya mteja. Lenye miaka kumi ya rekodi ambazo hazijawahi kusomwa lianze na mtaalamu wa intelijensia ya biashara, lakini limpe ruhusa na nauli ya kwenda kwa mawakala kila anapoona namba asiyoweza kuieleza.