Ogot na historia ya Wajaluo: kinachosimama na kinachoyumba

Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alidai kwamba barani Afrika kulikuwa na historia ya Wazungu tu. Mengine, alisema, kwa sehemu kubwa ni giza. Mwaka 1967, kinyume na dai hilo, shirika la uchapishaji la East African Publishing House la Nairobi lilitoa History of the Southern Luo, kitabu cha Bethwell Ogot kuhusu uhamaji na makazi ya Wajaluo kati ya 1500 na 1900. Ogot, mwanahistoria Mkenya mzaliwa wa Gem huko Nyanza, alifariki Januari 2025, na sifa alizomiminiwa alizistahili. Lakini kitabu chake kinastahili pia kusomwa kwa ukali.

Kwa sehemu kubwa ya karne hizo hapakuwa na nyaraka za kutegemea. Ogot aliwaendea wazee wa koo, akaandika nasaba na masimulizi yao, akayalinganisha ya ukoo huu na ya ule. Ndivyo alivyochora njia kutoka Sudan Kusini kufuata Nile hadi Pubungu, karibu na Pakwach, kisha mashariki mwa Uganda, kilima cha Ramogi magharibi mwa Kenya, na ng'ambo ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Alionyesha pia kwamba Wajaluo hawakuja kwa mkupuo mmoja: Joka-Jok, Jok'Owiny na Jok'Omolo ni makundi yenye safari zao. Kabla yake wanahistoria wengi waliyahesabu maneno ya wazee kama hawa kuwa ngano. Yeye aliyapokea kama ushahidi na kuyahoji kama ushahidi.

Udhaifu uko kwenye tarehe. Ukihesabu vizazi na kuvipa wastani wa miaka, kosa dogo kwa kila kizazi huwa kubwa ukifika babu wa kumi na mbili. Tena nasaba hufupishwa. Babu ambaye jina lake halina kazi leo husahaulika. Lililo zito zaidi ni ardhi. Wakati wa ukoloni kesi za mashamba Nyanza ziliamuliwa kwa kutazama nani ni mwenyeji na nani ni jadak, aliyepokewa tu kwenye ardhi ya wengine. Mzee aliyeulizwa babu zake walifika lini alijua jibu lina uzito gani. Sidhani wazee walidanganya. Nasema walikuwa na sababu ya kukumbuka kwa namna fulani.

Halafu sauti za wanawake ni chache mno, ingawa wao, wakiolewa mbali na kwao, ndio waliounganisha koo.

Wakosoaji wengine husema historia ya uhamaji hufanya Ujaluo uonekane umetoka Sudan ukiwa kamili. Hapa namtetea Ogot kwa kiasi: Abasuba, watu wa asili ya Kibantu waliogeuka Wajaluo, wamo kitabuni. Hata hivyo njia ya safari inang'aa kuliko mchanganyiko uliotokea baada ya kufika. Ngome za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizokaliwa na jamii mbalimbali kwa zamu, zinadai tuutazame zaidi mchanganyiko huo.

Kwa maoni yangu, tarehe zake tuzichukue kama makadirio, na mbinu yake tuishike. Wazee aliowahoji wametoweka. Mwanaakiolojia au mwanaisimu anayetaka kumsahihisha leo bado analazimika kuanza na nasaba alizoziandika.