Msiuze ng'ombe kwa ajili ya ukuta

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha harusi huku kusini mwa Unguja, upande wa Makunduchi. Mtu mzima, mwenye mvi zake na kanzu safi, akamwambia shangazi yangu mbele ya watu kwamba ua wake unatia aibu. Posa imeshapokewa, mahari yameshatajwa, siku imeshapangwa, yeye akakwama kwenye ua. Watakuja watu wa upande wa bibi harusi, wanawake watapitishwa nyuma, watakuta makuti! Basi ijengwe ukuta wa matofali kabla ya siku yenyewe, na kwa kuwa fedha hazipo, auzwe ng'ombe. Nilipojaribu kusema nikaambiwa vijana hatujui mambo ya watu. Shangazi akainamisha kichwa, akasema, "Mtakavyoamua." Nimerudi nyumbani na neno hilo likanikaa kifuani.

Ua wenyewe ni huu. Miti imesimama kila baada ya hatua mbili, fito tatu zimelazwa juu yake, na makuti ya kumba yamefungwa kwa kamba ya usumba iliyosokotwa na yeye mwenyewe. Chini makuti yamekuwa ya kijivu, juu kuna machache bado yana rangi ya majani kwa sababu yalibadilishwa juzijuzi. Ndani yake kuna mafiga, pipa la maji, kamba ya kuanikia nguo na kivuli cha mwembe. Upite nje saa yoyote, huoni kitu. Kwa nini basi ni aibu?

Tunajenga ua kwa ajili ya sitara. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho. Mwanamke apike, afue, asuke ukili, ajinyooshe mchana bila kujifunika kanga kila anaposikia nyayo njiani. Sitara hiyo makuti yanaitoa kamili. Na yanatoa zaidi: aliye ndani anasikia salamu ya anayepita na kumjua ni nani, na upepo unapenya. Kaa uani nyuma ya ukuta wa matofali mwezi wa pili, kaskazi inavuma huko nje wala haikufikii, moshi wa kuni unazunguka hapohapo ulipo. Mama zetu wanapika humo kutwa. Anayesema ukuta ni heshima ya mwanamke akae humo tangu kuwasha moto mpaka chakula cha mchana kiive, kisha tuzungumze.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tumeifanya sitara kuwa kitu cha mwenye fedha. Tazameni njiani kutoka Kitogani mpaka Jambiani, hesabuni kuta zilizoishia kwenye msingi. Nondo zimechomoza, zimeshika kutu, magugu yameota katikati ya matofali. Mwenye nyumba aliubomoa ua wake wa makuti siku aliyoleta mchanga, akitarajia kumaliza upesi. Fedha zikakata, akaja mgonjwa, ikaja ada ya skuli. Sasa familia ina ukuta unaofika magotini na haina sitara hata kidogo, na mke wa mtu anaoga akiwa ametundika mashuka. Huo ndio mwisho wa heshima tuliyoitafuta? Kama ua wa makuti ungebaki umesimama mpaka tofali la mwisho liingie, nisingekuwa na la kusema.

Tupige hesabu, maana kikaoni hakuna aliyepiga. Ua wa kawaida wenye urefu wa mita 40, kwa kimo cha mita 2, ni mita za mraba 80. Matofali ya inchi 6 yanakwenda kama 9 kwa kila mita ya mraba. Hayo ni matofali zaidi ya 700. Fundi mwaminifu akifyatua matofali 30 kwa mfuko mmoja wa saruji, ni mifuko 24 kabla hujagusa msingi, nguzo wala lipu. Juu yake weka mchanga, kokoto, nondo, maji na ujira. Ua uleule wa miti unataka miti 21 ukiipanga kila baada ya mita 2, fito, makuti, kamba, na asubuhi mbili za ndugu wenye nguvu. Ng'ombe anabaki zizini, anazaa, na bibi harusi akija anakunywa maziwa.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Huku kwetu ni maweni. Unapiga sururu, inaruka. Fundi anashinda na tindo na nyundo kutwa nzima kwenye msingi wa hatua chache, na kila siku anayoshinda inalipwa. Tunachimba jiwe kwa gharama ili tupande juu yake jiwe jingine tulilolitengeneza kwa gharama! Na mchanga wa kutengenezea tofali hilo unatoka wapi? Unguja ni kisiwa, mchanga wa kuchimbwa una mwisho. Aliyefika Donge Chechele ameona ardhi ya kilimo ilivyogeuzwa mashimo. Nyumba ya kulala watu inastahili mchanga huo. Ua wa nyuma wa kuzuia macho, sioni kama unastahili.

Nguzo haihitaji zege ili isimame. Ushahidi uko pwani. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake wetu wanapigilia vijiti kwenye mchanga, wanafunga kamba, na bahari inajaa na kupwa juu yake kila siku. Hawajachimba shimo, hawajakoroga saruji. Wanachonga ncha, wanagonga mpaka kijiti kinashika. Wenye ujuzi huo ndio tunaowaambia hawawezi kuwa na ua mzuri bila fundi.

Kwenye kichanga, basi, ni hivyohivyo kwa ukubwa wake. Chukua mti wa mita 2 na nusu, uchonge ncha, kisha upigilie mpaka sentimita 60 ziwe ardhini. Mwenye nyundo nzito atapiga akiwa amesimama juu ya kitu. Mwenye akili zaidi atatafuta kipande cha bomba zito, amwombe mchomeleaji alizibe upande mmoja na kuweka vipini viwili, alivike juu ya nguzo na kulidondosha tena na tena. Nguzo inaingia wima na kichwa hakipasuki. Bomba hilo linatosha mtaa mzima kuazimana.

Kwenye maweni usipigane na jiwe. Tembea na mtaimbo ukitafuta matundu na nyufa, yapo kila mahali, na ukubali nguzo zisiwe kwenye mstari ulionyooka kama uzi. Ingiza mti kwenye tundu, kisha ukaze kwa vibale vya mawe pande zote, ukivigonga kimoja baada ya kingine. Nimeshika nguzo za namna hii kwa mikono miwili nikazitikisa, hazikutikisika. Pasipo na tundu, panga mawe. Wakulima wetu wa uwandani wanapanga mawe bila tone la chokaa kuzuia nguruwe wasiingie mashambani: chini pana, juu pembamba, mawe makubwa yakiwa nje na madogo yakijaza katikati. Ukuta huo unafika kiunoni, na juu yake unaweza kusimamisha fito na makuti kwa kuzibana baina ya mawe. Mawe hayo unayo tayari, umeyatoa mwenyewe ulipokuwa ukisafisha kiwanja.

Penye kinongo, yaani udongo mwekundu wenye kina, na hapa nawasemea zaidi ndugu zetu wa Pemba, sielewi kabisa kwa nini mtu anunue nguzo iliyokufa. Kata fimbo za mgirisidia zenye urefu wa mita moja na nusu, uzichomeke mwanzoni mwa masika, karibukaribu. Mvua ikizishika zinaota mizizi na kuchipua, na baadaye unakata majani ukawapa mbuzi. Nguzo iliyo hai haiozi wala mchwa hauitaki. Mnyaa nao unashika kwa kipande tu, na mbuzi hauli, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hatari kubwa, kwa hiyo penye watoto wadogo mimi siupandi. Mchongoma ni wa mwenye subira. Ukishakua, kuku wala mwizi hapiti.

Pemba kuna jambo jingine la vilima. Ukuta uliokatisha mteremko unazuia maji, na wengi wanajenga bila kuacha matundu. Masika inakuja, maji yanajikusanya upande wa juu, udongo mwekundu unalowa, na ukuta unamwangukia wa chini. Ua wa miti unayapitisha maji na mizizi inashika udongo. Kwenye kinamo, yaani udongo mzito unaonata, nguzo zipigiliwe mvua zikishapungua ardhi ikiwa bado laini, si wakati ni tope tupu.

Miti ya mikoko msiguse. Najua boriti ndiyo mti wa wazee wetu, na najua unadumu. Lakini mikoko ndiyo inayolinda pwani na mazalio ya samaki, na ikikatwa tunakula hasara sote. Mivinje inapandwa kwa ajili ya miti hasa, na mwarobaini umejaa tele na mchwa hauuvamii upesi.

Nakubali kwamba makuti yanataka kubadilishwa. Miaka 2 au 3 na ua unaanza kutoboka, na asiyekuwa na mtu wa kumsaidia anaumia. Nakubali pia kwamba yanashika moto, kwa hiyo upande wa jikoni weka mawe ya kupanga au vipande vya bati kuukuu, usiegemeze makuti karibu na mafiga. Na ni kweli makuti si ya bure tena. Minazi imepungua, na mahoteli ya pwani yanayanunua kwa wingi. Hilo nalo tulitafakari: mgeni anasafiri kutoka Ulaya na kulipa fedha nyingi ili alale chini ya makuti Nungwi na Paje, anayaona ni uzuri wa kwetu. Mama aliyeyasuka anaambiwa na ndugu zake kwamba nyumbani kwake ni aibu.

Palipo na uhaba wa makuti, tumieni nyavu kuukuu za wavuvi kuzungushia bustani na kuku, mkafunge makuti pale tu panapohitaji kuzibwa macho. Waya wa nyavu kwenye vyuma vya pembe vilivyopigiliwa ardhini nao unasimama bila zege, ila karibu na bahari chumvi inaula. Mabati siyashauri. Yanashika upepo wa kusi kama tanga, nguzo zinalala, na bati likichomoka usiku linaweza kumkata mtu.

Kuhusu wezi, sina ubishi na anayekaa mjini, nyumba zimebanana na watu hawajuani. Huyo ajenge ukuta akiwa na uwezo. Kijijini kwetu mwizi haogopi tofali, anaogopa kuonekana, na nyuma ya ukuta mrefu akishaingia hakuna anayemwona. Nyuma ya makuti jirani anasikia mpaka kuku akishtuka.

Kwa yeyote atakayesimamisha ua msimu huu: kabla ya kupigilia nguzo ya kwanza, mwite jirani. Vuteni uzi pamoja, mkubaliane mpaka, na kama kuna ubishi mwiteni sheha, mkuu wa shehia yenu, siku hiyohiyo kabla miti haijaingia. Ugomvi mwingi wa mipaka ninaoujua ulianza na msingi uliochimbwa jirani akiwa shamba. Ua wa miti una fadhila hiyo pia: ikibainika umeingia kwa hatua moja, mnang'oa nguzo na kuzisogeza jioni ileile, na hakuna aliyepoteza mfuko hata mmoja wa saruji. Pembeni acheni nafasi ya mlango mdogo, baina ya nyua mbili, wa kupitishia moto, chumvi na watoto.