Kabla hujampa mama mazoezi ya kumsemesha mtoto, muulize huyo mtoto anashinda na nani

Mtoto wa dadangu alifika miaka miwili na nusu hata "maji" hajui kutamka, akitaka kitu anakuvuta mkono tu. Kliniki wakampima masikio, yako sawa, wakamwambia dadangu mwongeleshe sana, mwimbie, mtajie kila unachofanya, halafu urudi baada ya mwezi. Ushauri mzuri kabisa. Lakini dadangu anaamka saa tisa usiku kukanda mahamri, saa kumi na mbili yuko kwa wateja hapo Kisauni, mchana yuko Kongowea kutafuta unga na nazi, na mumewe ni dereva wa trela, Mombasa Malaba, wiki mbili hayupo. Sasa huyo wa kumwimbia mtoto ni nani?

Hakuna aliemuuliza. Na sisi Wapwani hapa tunajidanganya sana, tunasema fulani ana jamaa wengi hawezi kukosa msaada, yaani tunahesabu watu wa harusini kana kwamba ndo walezi.

Kuna kitu watu wa ustawi wa jamii wanakitumia kinaitwa ekomapu, alikibuni Ann Hartman huko Marekani mwaka 1975, na hakitaki kompyuta wala pesa. Unachora duara katikati, humo ni waliomo nyumbani, halafu pembeni duara za bibi, jirani, madrasa, chama, kazi, kliniki. Kisha unaunganisha: mstari mnene kwa uhusiano wenye nguvu, wa kukatikakatika kwa ulio dhaifu, na ule wa ugomvi unaupiga vijistari vya kukata juu yake. Halafu mishale, na kwangu mimi hii ndo roho ya mambo, kuonyesha nguvu zinakuja kwako au zinatoka kwako.

Mimi na dadangu tulikaa usiku tukachora yetu nyuma ya kalenda. Majina yakajaa. Mamangu yuko Likoni, mapenzi tele ila mpaka avuke feri, mstari wa kukatikakatika. Shangazi wa Majengo ambae sote tunamuita nguzo ya familia, mshale wote unatoka kwa dadangu unaenda kwake, pesa, kesi, kumpeleka hospitali, na hapo dadangu alinyamaza akaiangalia ile karatasi muda mrefu.

Alafu nkamuuliza, saa kumi na mbili mpaka saa tisa mtoto yuko wapi? Akasema kwa bi wa mlango wa pili. Hatukuwa tumemwandika! Mtu anaekaa na mtoto masaa tisa kila siku hayuko kwenye karatasi, na ule ushauri wote wa kliniki haujamfikia hata neno moja.

Asubuhi tukaenda kumweleza. Akasema, "Kumbe yatakiwa nimsemeshe, mwanangu? Mie nlimuona kimya nkajua ndo hulka yake, nkamwacha astarehe." Sasa akimenya vitunguu anamtajia, akichota maji anamtajia, mtoto akiguna anamjibu, kutwa nzima. Ndivo lugha inavokua, ni kule kusemeshana mara nyingi nyingi ndani ya siku, robo saa ya usiku na mama aliechoka haitoshi.

WHO, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi mwaka 2018, una mambo matano: afya, lishe, usalama, kujifunza mapema na mlezi anaemuitikia mtoto. Hilo la mwisho haliwezekani kama hujui mlezi mwenyewe ni nani. Kwa hivo naomba wale wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotupitia mlango kwa mlango, na kliniki pia, waanze na duara na mistari ndo waje kwa mazoezi, ni dakika kumi na tano tu hazizidi.

Mtoto sasa anasema "tuktuk" na "bibi", na bibi anaemwita ni yule wa mlango wa pili. Tarehe ya kliniki ijayo dadangu anaenda nae huyo bi, mahamri siku hiyo ntauza mimi.