Pedro Infante hakuhitaji kupaza sauti

Akitajwa Pedro Infante, mwimbaji na mwigizaji wa Meksiko, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kifo chake: ndege ya mizigo iliyoanguka Mérida, Yucatán, asubuhi ya tarehe 15 Aprili 1957, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa marubani wake, umri wake miaka 39. Naelewa. Meksiko nzima ililia, na miaka mingi baadaye wapo waliokataa katakata kwamba amekufa. Lakini naona kifo kile kimemfunika mwimbaji, na hilo linaniuma, kwa sababu mapenzi ya watu kwake yalianza kwenye sauti.

Alizaliwa Mazatlán mwaka 1917 akakulia Guamúchil, kulekule jimbo la Sinaloa, mtoto wa mwanamuziki na mama mshonaji. Shule hakwenda mbali nayo. Alijifunza useremala, na gitaa lake la kwanza inasemekana alilichonga mwenyewe. Mkewe, María Luisa León, ndiye aliyeshikilia kwamba wahamie mji mkuu. Huko Infante akaanza kuimba redioni, na mwaka 1943 akaingia kurekodi na kampuni ya Peerless.

Wakati huo mfalme wa ranchera, nyimbo za kienyeji za Meksiko, alikuwa Jorge Negrete, mtu aliyefundishwa uimbaji wa opera, mwenye kifua cha kutikisa ukumbi. Infante hakuwa na kifua hicho, na nashukuru hakujilazimisha kuwa nacho. Aliimba kama mtu anayezungumza na mwenziwe mezani. Mwishoni mwa mstari huiachia sauti ilegee, na kuna mahali unasikia kabisa kwamba anatabasamu. Ndiyo maana bolero ranchero ilimkaa vizuri mno: mapigo ya taratibu ya bolero, yaani nyimbo za mapenzi, fidla na tarumbeta za mariachi, bendi za kienyeji za Meksiko, na katikati mtu anayebembeleza.

Kwenye filamu alikuwa vilevile. Mwongozaji Ismael Rodríguez alimpa nafasi ya Pepe el Toro, seremala wa mtaa wa maskini, katika *Nosotros los pobres* ya mwaka 1948. Anapiga mluzi, mpenzi wake, Blanca Estela Pavón, anamjibu kwa mluzi, na wimbo *Amorcito corazón* unazaliwa hapo. Seremala anaigiza seremala, na inaonekana kwenye mikono. Katika filamu iliyofuata, Pepe anampakata mwanawe aliyekufa kwa moto, analia huku akijaribu kumchekesha maiti. Sijui mwigizaji mwingine wa zama zile za masharubu na bastola aliyekubali kuonekana amevunjika namna ile. Mwanamume wa Kimeksiko alipewa ruhusa ya kulia sinemani, na aliyempa ni huyu.

Nampenda, lakini sitamfanya mtakatifu. Nyumbani aliwaumiza wanawake. Alizaa nje akiwa na mke, akafunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ingali hai kisheria, na siku chache tu kabla ya kifo chake mahakama kuu iliitangaza ndoa hiyo ya pili kuwa batili. María Luisa, aliyemwamini alipokuwa hana kitu, alistahili zaidi ya hayo, na kila tunapomsifu mumewe jina lake nalo litajwe.

Tuzo kubwa ilimfuata akiwa kaburini: Dubu wa Fedha wa tamasha la filamu la Berlin, 1957, kwa kuigiza mhindi mwekundu wa jimbo la Oaxaca katika filamu ya *Tizoc*. Wengi huanzia hapo. Mimi nakuombeni mwanze na filamu ya *Dos tipos de cuidado* ya mwaka 1953, anapokutana na Negrete mwenyewe. Kwenye sherehe, wawili hao wanarushiana mafumbo kwa nyimbo mbele ya wageni, beti kwa beti. Negrete anapiga radi. Infante anangoja, anapunguza sauti, anatupa kijembe chake polepole, na ukumbi mzima unamgeukia yeye.